Kama Kutoka Gatwekera Mpaka Toi

Filister Aketch alikuwa mbishi. Naanza hapo kwa sababu mtu akifiwa watu humsifu kwa upole, na mimi sitamsingizia upole ambao hakuwa nao. Miaka yote niliyokaa kando yake Soko la Toi, mimi nikishona viatu, yeye akiuza makoti ya mitumba, sikumwona akikubali jambo mara ya kwanza. Mteja akisema koti lina tundu, alijibiwa kwamba huo ni mfuko. Mvua ikilinyea soko zima aliapa kwamba si mvua, ni jirani amemwaga maji. Tulimwita Mama Trizah, kwa jina la binti yake, lakini wateja waliomzoea walimwita Wakili.

Alizaliwa Sakwa, akaolewa Uyoma, kote huko ni kando ya ziwa. Akaja Nairobi kumfuata mumewe, Obiero, wakapanga chumba Gatwekera, ukuta mmoja na changu. Ukuta wenyewe wa udongo, kwa hiyo ugomvi wao niliusikia na vicheko vyao nilivisikia, na kusema kweli vicheko vilikuwa vingi zaidi. Obiero alifanya kibarua cha kila namna mpaka alipompata Kinyanjui wa Kawangware. Huyu Kinyanjui alikuwa mtu wa ploti, nyumba za kupangisha, bucha, na gari moja la kupeleka wageni Mlima Kenya. Obiero akawa mbeba mizigo wa mlimani. Filister alimchagulia koti jekundu kutoka kwenye mzigo wake, koti zito kweli kweli, na mimi nikamtania Obiero kwamba mtu aliyezoea kuota jua na samaki sasa anakwenda kulala kwenye barafu.

Mwezi wa pili, mwaka wa tisini na tano, alipanda na hakushuka.

Kule juu karibu na kilele kulikuwa na pango ndani ya barafu ya siku nyingi. Wageni walipenda kuingia kutazama ule mwanga wa buluu, kisha wanapigana picha wanatoka. Siku hiyo waliingia, wakatoka, halafu mmoja akakumbuka kwamba ameacha kofia. Obiero aliajiriwa kubeba mizigo, si kufuata kofia za watu, lakini ndivyo alivyokuwa, hangoji kutumwa. Akarudi ndani. Dari likaporomoka. Askari wa mlima walipofika walisema mtu yeyote asiiguse, maana barafu iliyobaki inaweza kuwalalia waokoaji, na kwamba itabidi kungoja ifunguke yenyewe. Itafunguka lini, hakuna aliyejua.

Habari hizo tuliletewa na Kihara, kijana wa Kawangware aliyekuwa akibeba mizigo pamoja na Obiero. Kihara alilia kabla hajamaliza. Lakini alisema neno moja ambalo Filister alilishika na hakuliachia tena. Alisema, "Mama Trizah, anaonekana. Ukisimama hapo mlangoni unaona ile koti, nyekundu, kama kitu iko ndani ya chupa."

Siku chache baadaye akafika Ojwang, kaka mkubwa wa Obiero, mtu mrefu wa maneno machache, kofia yake ya mviringo haitoki kichwani. Alikuja kumchukua mjane na mtoto waende nyumbani wakazike. Wazike nini? Basi hapo mimi Mluhya nilielezwa jambo ambalo nilikuwa nalisikia juu juu tu. Mtu wa kwao akimezwa na ziwa na mwili usionekane, haachwi hivi hivi. Kuna tunda linaitwa yago, refu, zito, la rangi ya udongo, ukiliona limening'inia mtini unadhani mtu amesahau mzigo wake huko. Ndugu hulichuma hilo, wakalivika, wakalilia, wakalizika kama vile ndiye yeye. Likishaingia ardhini mambo yamekwisha. Hakuna anayemtafuta tena. Hata akitokea kesho akiwa hai, boma halimpokei.

Filister alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza swali lake la wakili.

"Shemeji, yago ni ya mtu gani?"

"Ni ya mtu amechukuliwa na ziwa."

"Obiero amechukuliwa na ziwa?"

Filister akamwambia kwamba mtu aliyechukuliwa na ziwa ameenda na maji, hana mahali, lakini Obiero hajaenda popote. Yuko pale, amevaa koti lake, na kuna mtu aliyemwona kwa macho. Utamzikaje kwa tunda mtu ambaye unaweza kwenda ukamwona?

Ojwang hakuwa mjinga wala hakuwa katili. Alifikiri sana, akasema basi, atarudi nyumbani na aje tena Pasaka. Kama kabla ya hapo Filister atakuwa amepanda na kumwona kwa macho yake mwenyewe, na anaweza kuwaambia wazee kwamba ndugu yao ana mahali, wataungoja huo mlima hata miaka mingapi. Kama hakumwona, watachuma yago. Wakapeana mikono. Na mimi, niliyekuwa nimekaa mlangoni nikijifanya fundi asiye na habari, nilijua kwamba yule mwanamke hatalala tena usingizi wa maana.

Kwanza ilibidi tumwone Kinyanjui, maana bila gari lake na ruhusa yake huo mlima ungebaki kuwa picha kwenye kalenda. Tukatembea mimi na yeye, tukashika barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, tukakunja kuingia Kawangware. Kinyanjui alitupokea kwa unyenyekevu mwingi, wa mtu anayeogopa kulaumiwa. Mkewe Wanja alileta chai na mkate, akamshika Filister mkono, akalia kidogo. Lakini jambo lenyewe Kinyanjui alilikataa. Alisema mlima si mahali pa mwanamke mwenye majonzi, baridi itamuua, na hata akifika atakuta nini? Mtu aliyekaa huko wiki hizo zote hatazamiki. Amkumbuke alivyokuwa.

Filister aliweka kikombe chini.

"Mzee, wewe uko na bucha. Nyama ukiweka kwa friza, inaharibika?"

Wanja aligeuza uso akatazama ukuta. Na mimi, ambaye nimesikia mengi sokoni, nilitamani nisingekuwapo, kwa sababu hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Alikuwa ameyawaza hayo usiku kucha, akayawaza mpaka yakamtuliza: kwamba mume wake hajaoza, kwamba uso ni ule ule, ndevu ni zile zile, na kwamba akifika atamjua.

Kinyanjui akasema polepole kwamba haiharibiki. Baada ya hapo hakuweza kukataa tena. Gari lilikuwa linapeleka wageni wengine Jumatatu ya wiki ya kuelekea Pasaka. Filister angepanda humo, Kihara angemwongoza, na wale walinzi wa lango Kinyanjui angezungumza nao mwenyewe.

Tangu siku ile kibanda changu kikawa ofisi ya safari. Kihara alipokuwa mjini alipita Toi, akachukua kipande cha soli, akachora njia kwenye vumbi mbele ya miguu yetu. Hapa lango. Hapa msitu. Hapa kinamasi cha kupanda, ambacho kinang'oa viatu vya watu. Hapa kibanda cha mwisho cha kulala. Halafu asubuhi unapanda kidogo kwenye kokoto, na barafu ndiyo hii.

"Hiyo ya mwisho ni fupi," alisema. "Ni kama kutoka Gatwekera mpaka Toi. Ni vile tu inapanda, na hewa iko kidogo."

Chini ya ile barafu alikuwa amechora kiduara. Filister, ambaye haachi kitu kipite, akauliza ni nini.

"Hapo ni maji tu. Ya kupika chai."

Akakifuta kwa kidole akaendelea na mambo mengine.

Kama kutoka Gatwekera mpaka Toi. Hayo maneno yalimpa nguvu kuliko mahubiri yote aliyoletewa na akina mama wa kanisa. Alikuwa akienda Toi kila siku ya Mungu, na mzigo kichwani. Sasa akaona haitoshi. Akawa anaanzia chini kabisa, Silanga, kando ya bwawa, anajaza mtungi maji, anajifunga nao mgongoni, anapanda nao mpaka sokoni. Wauza mboga wa Silanga walimcheka mwanzoni, wakamwambia Mama Trizah anafanya mazoezi ya kwenda Ulaya. Kisha mmoja akajua sababu, akawaambia wenzake, na kuanzia hapo wakimwona anapita wanainamisha vichwa kwenye sukuma wiki zao. Alifika kwangu akihema, uso umepauka. Nilimwambia atakufa kabla ya huo mlima kumuua. Akaniambia nishone.

Maana viatu vilikuwa kazi yangu. Alipata buti za kike kwenye mzigo wa jirani, nzuri juu, zimekufa chini. Nikazitia soli ya tairi na kuzishona mara mbili, nikazipaka mafuta mpaka zikawa nyeusi kama sufuria. Ni kazi bora niliyowahi kufanya na hakuna aliyeniuliza bei. Koti alijichagulia mwenyewe, la kijani kibichi, lenye manyoya ndani na vifungo vikubwa vya shaba. Soko zima halikuwa na koti kama lile, nalo alilikalia asije akaliuza kwa kusahau. Chini yake alikuwa ameweka fulana mpya ya Obiero na shuka jeupe. Hayo sikuyauliza.

Hofu yake ilikuwa moja tu. Haikuwa baridi, wala kuanguka. "Khamala," aliniuliza siku moja, bila ubishi wowote, "nikifika nisimwone? Barafu ikuwe nzito, nisione?" Nikamwambia Kihara ameona. Akasema Kihara ni kijana, labda ameona kwa sababu alikuwa anataka kuona. Halafu akakata kwa meno kifungo cha juu cha lile koti, akaondoka nacho.

Kulikuwa na muuza soda barabara ya Ngong mwenye friji. Filister alimwomba kikombe cha maji, akatumbukiza kifungo, akamsihi akiweke kule kwenye barafu mpaka kesho. Kesho yake akarudi nacho sokoni amekibeba mikononi, anatembea haraka, maji yanachuruzika kwenye viwiko. Akaniwekea mbele ya macho lile donge la barafu.

"Unaona?"

Niliona. Katikati kulikuwa na weupe kama wa ugali, lakini ukigeuza upande, kifungo kilionekana, hata yale matundu manne.

"Anaonekana," akasema. Akalishika lile donge viganjani, hataki kuliweka chini, mpaka likayeyuka lote na vidole vyake vikafa ganzi. Kikabaki kifungo. Akakifunga kwenye kitambaa. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuupanga mlima namna hiyo, kwa mtungi wa maji na kifungo, na nilipomtazama nilishikwa na huzuni ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Alikuwa anapanga safari fupi kwenda kumtazama mumewe na kurudi. Si kumleta, si kumgusa. Kumtazama tu, ili asizikwe.

Jumamosi, kabla ya ile Jumatatu, Ojwang akatokea sokoni. Alikuwa amewahi. Akaketi kwenye kigoda changu cha wateja, akaweka gunia miguuni, gunia refu lililofungwa kwa kamba. Filister alilitazama mara moja tu akajua. Akamuuliza kwa nini amekuja nalo wakati neno lao lilikuwa mpaka Pasaka, na yeye ndio kwanza anaondoka Jumatatu. Ojwang akamjibu kwamba hajavunja neno. Atangoja. Ila wazee wamesema, ikiwa itakuwa ni yago, basi Obiero hawezi kuanzia safari yake njiani kama mtu asiye na kwake. Lazima atokee kwenye nyumba aliyokuwa akilala. Ndiyo maana amekuja nalo. Likirudi bure, litarudi bure.

"Litarudi bure," Filister akasema. Akaanza kumwonyesha buti, soli ya tairi, mishono yangu. Akamwonyesha koti. Akamchorea njia kwenye vumbi, lango, msitu, kinamasi, kibanda, bila kukosea. Ojwang akatikisa kichwa polepole na niliona kwamba mtu huyu alikuwa ameanza kuamini. Aliuliza hata kama kule juu kuna mahali pa kuweka jiwe la alama.

Tukiwa hapo ndipo Kihara akaja.

Alikuwa ametoka mlimani asubuhi ile, na matope ya huko bado yalikuwa kwenye suruali. Hakusalimia. Alisimama mbali kidogo na meza ya makoti, na Filister akamwambia akaribie, amsalimie shemeji yake.

"Mama Trizah, hiyo safari wacha tu," alisema. "Pango haiko. Imeanguka yote juzi, na ile barafu ya mbele. Imeingia kwa ziwa."

Mimi nilikuwa na sindano katikati ya ngozi, nikaiacha hapo hapo.

"Ziwa gani?" Filister akauliza.

"Ile kaziwa iko hapo chini. Kadogo. Ni refu kuenda chini lakini, hakuna mtu amewahi jua mwisho. Kila kitu imeingia. Hata ile koti siioni."

Ningeweza kumpiga yule kijana kwa kiatu. Siku ile ya kuchora alisema ni maji tu, ya kupika chai, na angesema hivyo hivyo siku hii, maji tu, labda tungepata pa kushika. Lakini yeye ni mtu wa milimani, kwake ziwa ni neno kama maneno mengine. Hakujua amelisema mbele ya nani.

Ojwang alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake. Kilikuwa na mvi tupu.

"Nam," akasema, kwa lugha ya kwao. Ziwa.

"Kadogo," Filister akasema haraka. "Shemeji, umesikia, amesema kadogo. Si ziwa hiyo. Ni maji ya chai. Khamala alikuwa hapa." Akanigeukia. "Khamala, mwambie. Si alisema ni maji ya chai? Mwambie."

Mimi nina mdomo, soko zima linajua. Nimebishana na askari wa jiji, nimebishana na wachungaji. Nilimtazama yule mwanamke, na sikuwa na neno hata moja.

"Ziwa ni ziwa, nyar Sakwa," Ojwang akamwambia, kwa upole, kwa jina la binti wa kwao. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Imemfuata mpaka huko juu."

Hapo ndipo Filister alipokubali. Mara yangu ya kwanza kumwona akikubali jambo, na naomba nisione tena. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi, juu ya njia aliyoichora, akakaa tu, mikono imelegea mapajani kama si yake. Wateja walipita. Mmoja aliuliza bei ya koti la kijani na nikamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Jioni, Gatwekera, Ojwang alifungua kamba za gunia. Akalilaza lile tunda kitandani, upande wa ukutani ambako Obiero alikuwa akilala, na kitanda kikalia chini ya uzito wake. Majirani walijaa mlangoni, hakuna aliyeingia. Nilidhani Filister atakataa kuligusa. Lakini alikwenda akaleta fulana mpya, akaliviringishia. Akaleta shuka. Kabla ya shuka akachukua lile koti la kijani, la kwake mwenyewe la kupandia mlima, akaanza kulivisha, anainua upande huu, anaingiza upande ule, kama unavyomvisha mtoto aliyelala.

Ojwang akamwambia taratibu kwamba Uyoma kuna jua, koti kama lile ni la bure tu ardhini, abaki nalo aliuze limsaidie na mtoto.

"Huko ametoka kulikuwa na baridi, shemeji," Filister akasema. "Wacha apate joto kwanza."

Akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka juu, na juu hapakuwa na kifungo. Akafungua kitambaa chake, akakitoa kile kifungo, akaniomba sindano. Nikampa ya viatu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.